Risasi ya Kesho Ifuate Njia ya Leo: Mhadhara juu ya Ubunifu wa Bunduki ya L96

  

Jioni hii nazungumza habari za chombo ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika, wala hatuombi siku ya kukishika. Nilipoitaja mada hii, wenzangu kadhaa waliniuliza kwa nini mwalimu wa uhandisi mitambo asizungumzie pampu za maji au mashine za kukoboa mpunga. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba bunduki ya mdunguaji humuumbua mbunifu wake upesi. Pampu iliyoundwa kizembe itavuja kidogo kidogo kwa miaka, na kila mwenye dhamana atapata wa kumsingizia. Bunduki ya shabaha ikiwa na kasoro, kasoro hiyo huonekana siku hiyo hiyo kwenye karatasi ya shabaha, na kila aliyepo huiona.

Kusudi langu ni kuonyesha jambo moja. Kifaa sahihi ni kile kinachotenda kesho kama kilivyotenda leo, na anayejua vyema nini kinakizuia kutenda hivyo ni yule anayekitumia. Nitalionyesha kwa kisa cha bunduki moja ya Uingereza, L96A1, pamoja na ndugu zake waliofuata. Ni bunduki ya bolti, yaani mtumiaji huisukuma kwa mkono wake bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kila anapotaka kuingiza risasi nyingine. Sikuja kufundisha utengenezaji wa silaha. Kazi hiyo ina sheria zake na ina wenye dhamana yake. Nimekuja kuzungumza juu ya fikra za ubunifu. Nina hoja sita.

Hoja ya kwanza: Ubunifu huu ulirithi kazi ya karne nzima

Mfumo wa bolti ni wa zamani. Mjerumani Johann Nikolaus von Dreyse aliipatia Prussia bunduki ya namna hiyo, na jeshi likaipokea mwaka 1841. Baadaye Peter Paul Mauser aliukuza mfumo huo hatua kwa hatua mpaka akafikia muundo wa mwaka 1898, ambao mafundi wa dunia nzima wanauiga hadi leo. Bolti ya Mauser hufunga kwa meno mawili makubwa yaliyo mbele kabisa, karibu na risasi. Upande wa Uingereza, James Paris Lee alibuni bolti inayofunga kwa meno yaliyo nyuma. Huo ndio uzao wa Lee-Enfield, bunduki iliyosifika kwa wepesi wa kupiga risasi mfululizo.

Wazee wetu wa pwani walizifahamu bunduki hizi bila kusoma kitabu. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, wengi wa askari wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanatumia bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizopiga risasi moja moja kwa baruti nyeusi. Kila risasi ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Hata hivyo walishinda, na baada ya ushindi waliokota mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa na Waingereza na vikosi vyao vya India. Nalitaja hilo ili tukumbuke kwamba hatima ya mpiganaji haiamuliwi na chombo peke yake, na kwamba teknolojia hii haikupita mbali na milango yetu.

Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipohitaji bunduki za wadunguaji hawakubuni mpya. Walipima bunduki za kawaida za Lee-Enfield Nambari 4 kiwandani, wakateua zile zilizoonyesha shabaha nzuri, kisha wakazipeleka hasa kwa kampuni ya Holland & Holland. Huko mafundi hodari walizisawazisha kwa mkono, wakazifunga darubini na kuongeza kibao cha mbao cha kuegemeza shavu. Zaidi ya 20,000 zilitengenezwa kwa njia hiyo. Hata darubini iliyotumika, Nambari 32, ilikuwa imekusudiwa kwanza kwa bombomu ya Bren. Karibu mwaka 1970 baadhi ya bunduki hizo zilipewa mtutu mzito zaidi, wa risasi ya NATO ya milimita 7.62, zikaitwa L42A1. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 mdunguaji wa Uingereza alikuwa bado anabeba chombo ambacho asili yake ni bunduki ya askari wa kawaida wa zama za babu yake.

Sisemi hivyo kwa dharau. Mafundi wale walifanya kazi ya kuheshimika sana. Lakini usahihi wao ulikaa katika vidole vya fundi, wala haukukaa katika muundo wa bunduki. Fundi yule akistaafu, usahihi unastaafu naye.

Hoja ya pili: Usahihi ni kurudia

Watu wengi hudhani bunduki sahihi ni ile inayopiga palipolengwa. Ukweli ni kwamba kupiga palipolengwa ni suala la kurekebisha darubini, na mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kulifanya. Bunduki ikipiga kushoto kila mara kwa kiasi kile kile, dawa yake ni kuzungusha kirungu cha darubini mara chache. Isiyo na dawa ni bunduki inayopiga kushoto asubuhi, kulia mchana, na juu baada ya mvua.

Naomba wanafunzi wachukue kalamu tupige hesabu ndogo. Mtutu wa L96A1 una urefu wa milimita 655. Tuseme mtutu huo umehama, ukilinganisha na darubini, kiasi kwamba ncha yake imesogea sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari. Gawanya 0.1 kwa 655, kisha zidisha kwa umbali wa mita 600. Mnapata karibu sentimita 9. Kwa mita 1,000 mnapata sentimita 15. Unene wa karatasi hapa umekuwa zaidi ya nusu ya shubiri kule. Na bado hatujagusa upepo, joto la hewa, wala mapigo ya moyo wa mlengaji.

Sasa tujiulize: ni nini kinachoweza kusogeza mtutu kwa unene wa karatasi? Majibu ni mengi, na mengi yanatoka kwenye mbao. Kitako cha mbao hunywa unyevu kikavimba, hukauka kikasinyaa. Kikivimba hugusa mtutu upande mmoja na kuusukuma. Kila risasi inapotoka, mtutu hutetemeka, na ukiwa unagusa mbao leo na kesho haugusi, mtetemo wa leo si wa kesho. Skrubu zinazofunga chuma kwenye mbao hulegea kwa sababu mbao hukandamizika. Tena katika Lee-Enfield, kwa kuwa bolti hufungia nyuma, baruti inapolipuka urefu wote wa bolti hubanwa na kunywea kidogo kabla ya kurudi. Kila mojawapo ya kasoro hizi ni ndogo, lakini kila moja inaweza kufikia unene wa karatasi.

Kwa hiyo swali la mbunifu halikuwa namna ya kuipa bunduki nguvu zaidi. Swali lilikuwa: nitafanyaje ili kati ya risasi moja na nyingine kusiwe na kitu chochote kilichobadilika?

Hoja ya tatu: Waliobuni ndio waliolenga

Mwaka 1978, katika mji wa Portsmouth, kusini mwa Uingereza, ilianzishwa kampuni ndogo iitwayo Accuracy International. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Malcolm Cooper, pamoja na mkewe Sarah Cooper na wabunifu wawili, Dave Walls na Dave Caig. Cooper alikuwa mwanamichezo. Katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984 alitwaa medali ya dhahabu katika shindano la bunduki la mita 50 kwa mikao mitatu: kulala kifudifudi, kupiga goti na kusimama. Alipata pointi 1,173 kati ya 1,200. Miaka minne baadaye, Seoul 1988, akaitwaa tena dhahabu hiyo hiyo.

Naomba tuitazame alama hiyo. Mtu anayepoteza pointi 27 tu katika 1,200 hawezi kuvumilia kifaa kinachobadilika badilika. Risasi ikienda pembeni, mlengaji wa ngazi yake anajua mara moja kama kosa ni la kidole chake au la chombo. Ujuzi huo haupatikani kwa kusoma ripoti. Unapatikana kwa kulala chini na bunduki begani, mwaka baada ya mwaka, kwenye jua na kwenye mvua.

Jeshi la Uingereza lilipotafuta bunduki mpya ya wadunguaji, watu hawa walipeleka muundo wao uliozaliwa katika ulimwengu wa mashindano. Walishindana na kampuni kongwe, ikiwemo Parker-Hale, yenye jina na historia ndefu katika bunduki za shabaha. Sharti la jeshi lilikuwa wazi: risasi ya kwanza impate mlengwa kwa mita 600, na bunduki iweze kumsumbua adui kwa shabaha ya kuaminika hadi mita 1,000. Muundo wa Portsmouth ukashinda. Katikati ya miaka ya 1980 bunduki ikaingia jeshini kwa jina la L96A1, na oda ya kwanza ilizidi bunduki 1,000.

Mabibi na mabwana, hapa nataka kusisitiza neno la kwanza katika sharti lile: risasi ya *kwanza*. Mwanamichezo hupewa risasi za kujaribia kabla ya kuhesabiwa alama. Mdunguaji hapewi. Bunduki yake imebebwa mgongoni, imegongwa kwenye mlango wa gari, imelala kwenye umande usiku kucha, na alfajiri inatakiwa ifanye kama ilivyofanya uwanjani juma lililopita. Ustadi wa kampuni ile ulikuwa kuchukua usahihi wa uwanja wa michezo na kuupa uwezo wa kuvumilia maisha ya askari.

Hoja ya nne: Uti wa bunduki ulihamishwa kutoka kwenye mbao kwenda kwenye chuma

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Katika bunduki za zamani, kitako cha mbao ndicho kilichobeba kila kitu. Chuma kililazwa juu ya mbao na kufungwa kwa skrubu. Wabunifu wa L96 waligeuza mpangilio huo. Walitengeneza chasisi ya alumini inayopita urefu wote wa bunduki. Juu ya chasisi hiyo sehemu ya chuma inayobeba bolti ilifungwa kwa skrubu, tena ikagandishwa moja kwa moja kwa gundi kali ya epoksi, isiachane nayo. Mtutu mzito wa chuma kisichoshika kutu ulikazwa kwenye sehemu hiyo, na kuanzia hapo ulielea bila kugusa chochote mpaka ncha yake.

Kile ambacho macho yanakiona kuwa ni kitako, yale mabamba ya kijani, ni plastiki ngumu iliyofungwa pande mbili za chasisi. Fikirini lori. Bodi ya lori inaweza kubonyea, kupakwa rangi au kubadilishwa kabisa, na lori likaendelea kubeba mzigo kwa sababu mzigo umekaa kwenye chasisi. Bamba la kijani likipasuka, linafunguliwa na kufungwa jingine, na uhusiano wa mtutu na darubini haujaguswa. Mvua ikinyesha, plastiki hainywi maji. Jua likiwaka, haisinyai kama mbao.

Tuangalie faida iliyopatikana karakanani. Katika mfumo wa zamani, kulaza chuma vizuri kwenye mbao kulikuwa kazi ya fundi mzoefu, kwa saa nyingi, kwa patasi na jicho. Katika mfumo mpya, usahihi unatoka kwenye mashine ya kukereza na kwenye vipimo vya mchoro. Bunduki ya mia inafanana na ya kwanza. Mtutu ukichakaa, hubadilishwa karakanani kwa muda mfupi, na bunduki hufunguliwa kwa zana chache za mkono. Ndiyo maana nasema usahihi ulihama kutoka kwenye vidole vya mtu ukaingia katika muundo, na muundo unaweza kurithiwa.

Leo hii bunduki za chasisi zimeenea kwa watengenezaji wengi wa dunia, wa kijeshi na wa michezo. Kijana anayeingia leo katika mashindano ya shabaha ya masafa marefu anaiona chasisi kama jambo la kawaida. Miaka ya 1980 ilihitaji ujasiri kumpelekea jenerali bunduki iliyovaa plastiki.

Hoja ya tano: Mwili wa mtumiaji ni sehemu ya mashine

Mara nyingi tunachora mashine kana kwamba mtu atakuja baadaye kujipanga nayo. Wabunifu wa L96 walimchora mtu ndani ya mashine tangu mwanzo. Nitatoa mifano mitatu.

Wa kwanza ni mzunguko wa bolti. Bolti yenye meno mawili yanayoelekeana, kama ya Mauser, huhitaji kuzungushwa nyuzi 90 ili ifunguke. Weka meno matatu mbele badala ya mawili, na nyuzi 60 zinatosha. Wanafunzi wataona haraka kwamba hili ni suala la jiometri tu: duara likigawanywa kwa meno matatu na nafasi tatu, kila kipande ni nyuzi 60. Tofauti ya nyuzi 30 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa mtu aliyelala kifudifudi, maana yake ni kwamba mkono hauinuki sana, haugongi darubini, na shavu linabaki palepale kwenye kitako wakati anaingiza risasi ya pili. Asipoinua shavu, jicho halipotezi taswira. Asipopoteza taswira, anaona risasi yake ya kwanza imetua wapi.

Mfano wa pili ni kifyatulio. Kidole hukivuta kwa hatua mbili: ya kwanza laini, mpaka kidole kinakutana na ukinzani, ya pili fupi na safi, ndipo pini inayoilipua risasi inaachiliwa. Vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, hatua ya kwanza humwambia mlengaji kwamba amefika ukingoni. Na baada ya kuachiliwa, pini isafiri umbali mfupi kadiri iwezekanavyo. Katika bunduki za uzao huu zilizofuata, umbali huo ni milimita 6.6. Safari ikiwa fupi, muda kati ya uamuzi wa kidole na mlipuko wa baruti hupungua, na mwili unakosa nafasi ya kutikisika katikati.

Mfano wa tatu ni kitako chenye tundu la kupitisha kidole gumba, na urefu unaorekebishwa kwa vipande vya kuongeza au kupunguza. Mtu mrefu na mtu mfupi wote wanailaza bunduki begani bila kujikunja. Misuli iliyojikunja hutetemeka, na mtetemo hutufikisha tena kwenye ule unene wa karatasi. Bunduki yenyewe ina uzito wa takriban kilo 6.5. Ni mzigo kwa mguu wa askari, lakini uzito huo huo hupunguza teke la bunduki na kuituliza wakati wa kulenga. Mbunifu alichagua kumchosha askari njiani ili amsaidie anapofika, na uchaguzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa haki na mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo.

Hoja ya sita: Mteja mgumu ni mwalimu, na kila chombo kina mpaka wake

Baada ya Uingereza kuipokea L96A1, Sweden nayo ilitafuta bunduki. Sweden ina kaskazini yenye theluji ambako zebaki ya kipimajoto hushuka chini ya sifuri kwa miezi. Tatizo la huko ni la ajabu kwetu sisi wa pwani. Theluji huingia kwenye mfereji wa bolti, joto la bunduki huiyeyusha, kisha maji huganda na kuwa barafu, na bolti haiendi mbele wala nyuma. Mafuta ya kulainisha yanakuwa mazito. Askari amevaa glavu nene, na kidole hakiingii kwenye nafasi ya kifyatulio.

Wabunifu walirudi mezani. Bolti ikachongwa mifuo inayoipa barafu na uchafu mahali pa kwenda, ili visiikwamishe. Kirungu cha bolti na nafasi ya kifyatulio vikapanuliwa kwa ajili ya glavu. Bunduki ikatakiwa ifanye kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Jina lake likawa Arctic Warfare, yaani ya vita vya ncha ya kaskazini, na Sweden ikaipokea kwa jina la PSG 90. Kilichobuniwa kwa ajili ya barafu kikafaa pia penye vumbi, kwa kuwa mfuo unaopokea theluji unapokea na mchanga. Australia, nchi ya joto na vumbi jingi, iliichukua bunduki ya uzao huo huo kwa jina la SR-98.

Tujifunze hapo. Mteja aliyeleta masharti magumu hakuwa kero kwa kampuni. Alikuwa mwalimu aliyewalipa ada badala ya kuwatoza.

Hatua iliyofuata ilikuwa masafa. Risasi ya milimita 7.62 ya wadunguaji ina uzito wa karibu gramu 10 na hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 850 kwa sekunde. Ikikaribia mita 1,000 imepungua kasi hadi kukaribia kasi ya sauti, na hapo mwendo wake unayumba. Katika miaka ya 1990 uzao huu ulipata ndugu mkubwa, Arctic Warfare Magnum, anayetumia risasi nzito zaidi, ikiwemo ile ya .338 Lapua Magnum, yenye kichwa cha gramu 16.2. Kichwa kizito chenye umbo refu hutunza kasi yake na hakisukumwi kirahisi na upepo. Ujerumani ilichukua aina mojawapo kwa jina la G22, na Uingereza ikaiita yake L115.

Novemba 2009, mkoani Helmand, Afghanistan, mdunguaji wa Uingereza mwenye L115A3 aliwapiga watu wawili kwa umbali wa mita 2,475, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Umbali huo ulizidi sana ule ambao bunduki hiyo iliundwa kuumudu. Mwenyewe alieleza kwamba siku hiyo hapakuwa na upepo na hewa ilikuwa safi. Magazeti yaliandika habari za bunduki. Mimi nawaomba mkumbuke kwamba mwisho wa mita hizo 2,475 walikuwapo wanadamu waliokufa. Mhandisi anayesoma kisa hiki na kuona namba peke yake amesoma nusu. Usahihi hauwi wema kwa kuwa ni usahihi. Unaongeza uwezo wa anayeutumia, kwa heri au kwa shari, na kwa hiyo unaongeza pia uzito wa swali la nani anakabidhiwa chombo, kwa amri ya nani, na chini ya sheria gani.

Sisi wa ukanda huu wa Afrika Mashariki tuna msimamo wa pamoja katika swali hilo. Mwaka 2004 nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi juu ya kuzuia na kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, na kituo cha kanda cha kusimamia kazi hiyo kiko Nairobi. Mwanafunzi wa ufundi anayeijua historia ya chasisi bila kuijua itifaki hiyo, elimu yake haijakamilika.

Tunakokwenda

Ndugu Mwenyekiti, Malcolm Cooper alifariki mwaka 2001. Mwaka 2005 kampuni yenyewe iliingia katika matatizo makubwa ya fedha, ikanunuliwa na kundi lililowajumuisha watu wa timu ya ubunifu ya mwanzo, na kazi ikaendelea. Kilichoibakiza hai kampuni ni ule muundo wenyewe: ulikuwa umeandikwa kwenye michoro na vipimo, haukuzikwa na mtu.

Nikiangalia vyuo vyetu vya ufundi, karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, na vijana wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, naona vidole hodari kwa maelfu. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, anaweza kukichonga kipuri ukashindwa kukitofautisha na cha kiwandani. Lakini kipuri cha pili hakilingani na cha kwanza, na siku fundi huyo asipokuwapo, hatuna mchoro wala kipimo alichokiacha. Hapo ndipo tulipo, mahali pale pale walipokuwa mafundi wa Holland & Holland: ustadi mkubwa uliofungwa ndani ya mtu.

Napendekeza mambo matatu kwa miaka iliyo mbele yetu. La kwanza, kila karakana ya kufundishia iwe na vifaa vya kupimia vinavyohakikiwa kila mwaka, na mwanafunzi asipewe alama kwa kipande kimoja kizuri, apewe kwa vipande kumi vinavyolingana. La pili, mradi wa mwisho wa mwanafunzi uanzie kwa mtumiaji. Anayebuni kiti cha magurudumu akae kwenye kiti hicho siku nzima mjini. Anayebuni pampu ya mkono aipige mpaka mabega yaume. Anayebuni mashine ya kukoboa akae kinuni na kina mama msimu mzima wa mavuno. La tatu, somo la maadili ya uhandisi lisiwe la kujazia ratiba, lifundishwe pamoja na michoro, kwa mifano mizito kama huu wa leo, ili kijana ajifunze kuuliza chombo kitatumika kwa nini katika saa ile ile anapouliza kitatengenezwaje.

Tukiyafanya hayo, baada ya miaka kumi mhandisi mwingine atasimama hapa akiwa na kisa cha chombo kilichobuniwa Dar es Salaam, Mwanza au Kisumu: kiungo bandia, pampu au kifaa cha hospitali ambacho cha elfu moja kinafanana na cha kwanza, na kinachomfaa anayekitumia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwapo kilipochorwa. Kazi hiyo inahitaji watu wa chumba hiki, na inaweza kuanza muhula ujao.